Namna ya Kuboresha Usafiri wa Umma wa Jiji Kubwa na Kuugharamia

Mtu anayekabidhiwa jukumu la kuboresha usafiri wa umma wa jiji kubwa hushawishika kuanza na ramani: huchora reli mpya kwa wino mzito, kisha huanza kutafuta mfadhili. Ushauri wangu ni kwamba aanze na saa na daftari. Apande basi la njia yenye abiria wengi kuliko zote, aende nalo hadi mwisho na kurudi, na aandike kila mahali basi liliposimama, lilisimama kwa muda gani na kwa sababu gani. Zoezi hilo lirudiwe asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku kadhaa, kwa kuwa daftari hilo ndilo litakaloonyesha fedha za jiji zinapotelea wapi.

Tuchukue njia ambayo basi huizunguka kwa dakika 100, ikiwa ni pamoja na mapumziko ya dereva kwenye kituo cha mwisho. Jiji likitaka basi lipite kila baada ya dakika 10, litahitaji mabasi 10 barabarani, mbali na yale ya akiba. Tuseme daftari limeonyesha kwamba dakika 12 za mzunguko huo huishia kwenye taa nyekundu na foleni za makutano, na dakika 15 nyingine huishia vituoni, abiria wakipanda mmojammoja kwa mlango wa mbele huku dereva akitafuta chenji. Zikiokolewa dakika 20 kati ya hizo 27, mzunguko utakuwa wa dakika 80, na mabasi 8 yatatoa huduma ileile. Au yabaki yote 10, na abiria apate basi kila baada ya dakika 8. Katika hesabu hiyo hakuna basi lililonunuliwa wala dereva aliyeongezwa.

Hesabu ya abiria nayo ni tofauti kidogo na ya ofisini. Anayefika kituoni bila kuangalia ratiba hungoja, kwa wastani, nusu ya pengo lililopo kati ya basi na basi, lakini hilo ni kweli tu pale mabasi yanapopita kwa nafasi zinazolingana. Yakiongozana matatu na kufuatiwa na ukimya wa nusu saa, taarifa ya mwezi itasema idadi ya safari ilitimia, ilhali walio wengi kituoni ni wale waliokumbwa na ukimya huo. Kwa hiyo apimwe msimamizi kwa usawa wa nafasi kati ya mabasi, na si kwa idadi ya safari peke yake.

Dawa za dakika zinazopotea zinajulikana na nyingi hazihitaji teknolojia ngeni. Basi lipewe njia yake maalumu, taa za makutano zilipishe linapokaribia, nauli ilipwe kabla ya kupanda, milango yote ifunguliwe, na sakafu ya kituo ilingane na sakafu ya basi. Curitiba, nchini Brazili, ilianza kutenga njia za mabasi mwaka 1974, na mwaka 1991 ikaongeza vituo vyenye umbo la bomba ambamo abiria hulipa mlangoni na kusubiri wakiwa tayari wameshalipa. Zürich, nchini Uswisi, ilifika huko kwa barabara nyingine: wapiga kura wake walikataa mradi wa treni ya chini ya ardhi mwaka 1973, na mwaka 1977 wakaidhinisha faranga milioni 200 za kuharakisha tramu na mabasi yaliyokuwapo, hasa kwa kuyapa kipaumbele kwenye taa. Jambo moja lisisahauliwe: njia ya basi iliyopakwa rangi bila kamera wala askari wa kuilinda huwa maegesho ya bure kabla rangi haijakauka.

Mkataba na waendeshaji ni sehemu ya huduma, ingawa mara nyingi huachiwa wanasheria. Mwendeshaji anayelipwa kwa kila kichwa atagombania abiria, atajaza basi kabla ya kuondoka na atakimbizana na mwenzake hadi kituo kinachofuata. Bogotá, nchini Kolombia, iliyajua hayo kwa miaka mingi, na mfumo wake wa mabasi wa TransMilenio ulipofunguliwa Desemba 2000, makampuni yenye mabasi ya njia kuu yalianza kulipwa kwa kilomita zilizoendeshwa, huku nauli zikikusanywa kwenye mfuko wa pamoja. Malipo ya kilomita nayo yana hila zake, kwani basi tupu linalipwa sawa na lililojaa. Ndiyo maana mkataba uwe na faini za uchafu, uchelewaji na ubovu wa milango, na jiji lenyewe ndilo lipange ratiba.

Sasa fedha. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kuchanganya mifuko miwili: ule wa kujenga na kununua, na ule wa kuendesha kila siku. Wa kwanza hupata wafadhili kwa urahisi, maana una utepe wa kukata. Wa pili ni mishahara, mafuta au umeme, matairi na vipuri, na hakuna anayepiga picha akikabidhi pedi za breki. Mkopo wa miaka 30 au hatifungani za jiji (hati za mkopo ambazo jiji huwauzia wawekezaji) zinafaa kwa handaki au karakana itakayotumika muda huo au zaidi. Zikitumika kulipa mishahara, jiji linakuwa linakula mbegu. Kila pendekezo la kujenga liambatane na ukurasa unaotaja gharama ya kuendesha ya kila mwaka na chanzo chake, na lisipokuwa nao lirudishwe.

Nauli ni chanzo cha kwanza, lakini katika miji mingi haitoshelezi gharama zote za uendeshaji, na haipaswi kutarajiwa hivyo, kwa sababu hata mwenye gari hunufaika barabara inapopungua magari. Hata hivyo, kuigandisha ni hatari. Treni ya chini ya ardhi ya New York ilifunguliwa mwaka 1904 kwa nauli ya senti 5, na wanasiasa waliilinda nauli hiyo hadi mwaka 1948, wakati bei za vitu zilikuwa zimepanda zaidi ya maradufu; matengenezo ndiyo yaliyolipia tofauti hiyo. Ni afadhali sheria iseme nauli itapitiwa kila mwaka kwa kufuata bei za vitu, na wenye kipato kidogo wapewe punguzo linalolipwa na bajeti ya ustawi wa jamii. Kuhusu usafiri wa bure, rai yangu ni kwamba usubiri: abiria anayengoja nusu saa hupoteza zaidi kwa kukosa basi kuliko kwa kulipa nauli.

Chanzo cha pili ni waajiri, ambao wafanyakazi wao hufika kazini kwa mfumo huo. Ufaransa ilianza mwaka 1971, katika eneo la Paris, kuwatoza waajiri asilimia fulani ya mishahara wanayolipa, na tozo hiyo ikaenezwa baadaye kwenye miji mingine. Uzuri wake ni kwamba huingia kila mwezi na hukua pamoja na ajira.

Ardhi ndiyo hazina inayosahaulika. Kituo kikijengwa, viwanja jirani hupanda thamani bila wenyewe kunyanyua koleo. Hong Kong huipa kampuni ya reli haki ya kuendeleza ardhi juu ya vituo na kandokando yake kwa bei ya kabla ya reli, nayo hugawana faida na wajenzi wa majengo. London, ili kulipia njia ya reli iliyofunguliwa mwaka 2022 kama Elizabeth line, iliongeza tangu 2010 kodi ya majengo makubwa ya biashara. Tozo ya aina hii itangazwe kabla ya ramani ya njia kuvuja, la sivyo walanguzi watakuwa wamekwisha kuuziana.

Mwisho ni tozo ya magari yanayoingia katikati ya jiji, ambayo hukusanya fedha na kupunguza foleni kwa pamoja. Stockholm ilifanya majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006. Magari yaliyovuka mpaka wa eneo hilo yalipungua kwa takriban moja ya tano, na wakazi wa jiji wakaikubali kwa kura Septemba, hata ikarudi kuwa ya kudumu Agosti 2007. Linalopitwa katika masimulizi mengi ni kwamba mabasi ya ziada yalikuwa barabarani tangu Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya dereva wa kwanza kutozwa. Anayepanga tozo kama hiyo aandike tarehe ya mabasi na tarehe ya tozo katika waraka mmoja, ya mabasi ikitangulia.