Kabla hujashuka shimoni, na kabla hujaenda kupimwa kifua

Kaka yangu kachoronga mwamba kwenye machimbo ya tanzanite ya Mirerani miaka tisa, mashine kavu bila maji, mdomoni kafunga kitambaa tu, jioni akikifungua ndani kote kweusi na bado anapenga makamasi meusi mpaka kesho yake. Alivoanza kukohoa akapewa dozi ya TB miezi sita, mwaka uliofuata akapewa tena, makohozi hayaonyeshi kitu, na hospitalini hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza unafanya kazi gani. Hilo swali ndo lilikuwa linatakiwa kwanza, kumbe ni silikosisi, vumbi la mwamba limeshaweka makovu kwenye mapafu.

Kwahiyo kama ndo unaanza kazi piga eksirei sasa hivi ukiwa mzima, ili baadaye daktari awe na picha ya kulinganishia. Filamu usikunje, tunza. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza na akiwa kazini, ila wanaapolo, yaani wachimbaji wa mashimoni, wengi hawana mkataba, sasa usikae kusubiri bosi akukumbuke. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa, faida ya kujua mapema ni utoke kwenye vumbi kabla hayajaongezeka.

Siku ya kwenda beba daftari, na hili nasisitiza sana jamani. Andika umeanza mwaka gani, shimo gani, ulikuwa unachoronga au unabeba mawe, maji yalikuwepo au kavu, masaa mangapi, baada ya kulipua baruti mnakaa muda gani kabla ya kurudi ndani. Ugonjwa mara nyingi unachukua miaka 10 na zaidi kujitokeza lakini kwa vumbi jingi la kuchoronga kavu unaweza kuja hata chini ya mitano, hivyo usijione bado mgeni. Daftari hilohilo litakusaidia kama una ajira rasmi na ukaja kudai fidia WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kuna kipimo cha kupuliza kwenye mashine, siku hiyo usivute sigara wala usishibe sana. Makohozi nayo wapime, maana mwenye silikosisi TB inampata kirahisi, anaweza kuwa navyo vyote viwili. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, wamezoea wachimbaji, ukiweza fika.

Na usisubiri kikohozi. Kaka alianza na pumzi, kale kamlima ka kwenda sokoni alikokuwa anakapanda na ndoo akawa anasimama katikati anajifanya anaongea na simu.

Hata ukiacha kazi piga picha ya kuondokea, halafu endelea kupima, maana vumbi lililoingia halitoki na makovu yanaweza kuendelea hata ukiwa umesharudi kijijini unalima mahindi.