Kupanda Boma Rhodes ishike vizuri

Kosa kubwa wakati wa kupanda hii nyasi ya malisho ya ng'ombe ni kuzika mbegu, jamani ile mbegu ni nyepesi kama manyoya, ukiifukia zaidi ya sentimita 2 haitoki. Lima shamba mpaka udongo uwe laini kabisa, changanya mbegu na mchanga mkavu ndo isipeperushwe na upepo, mwaga mvua ikianza alafu buruta tawi la mti juu yake, basi. Miezi ya kwanza palilia bila huruma, magugu yataimeza. Kata ikianza tu kutoa maua, acha kama sentimita 10 chini, weka samadi, inachipuka tena na inakaa miaka kadhaa. Ukingoja ikauke inakuwa ngumu kama miti, ng'ombe anaichagua-chagua tu.