Pikipiki inayumba kwenye vumbi na inakupiga mgongo? Anza na koni za usukani kabla hujagusa springi

Majuzi mpwa wangu kaja na Boxer 150 yake analalamika, "Anko, hii pikipiki itaniua mgongo, afu nikiingia kwenye mchanga usukani unajiendea wenyewe tu." Dogo anabeba samaki, anatoka Igombe au Kayenze alfajiri anashusha soko la samaki Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, na siku samaki wakiadimika anapakia abiria wa kupanda Bugarika na Isamilo huko kwenye mawe. Alishapita kwa fundi, fundi akamfungia springi za nyuma zile ngumu za mzigo, hali ikawa mbaya zaidi ya mwanzo. Basi Jumapili nzima tulikaa nayo hapa nyumbani Igoma chini ya mwembe, naandika sasa ivi ili na mwingine mwenye shida hiyo asiende kununua vitu ovyo.

Spana, ringi na soketi za kawaida unazo, sitozitaja. Kuvua tairi la mbele, taa na madigadi pia sielezi, kama hilo linakushinda mpe fundi akuvulie.

Hatua ya 1: Upepo

Nunua geji yako mwenyewe, acha kubonyeza tairi kwa kidole gumba. Boxer 150 tairi la mbele 25 psi, la nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukipakia. Mpwa wangu alikuwa na 42 nyuma, eti anaogopa pancha! Tairi likijaa hivyo kila kokoto linakuja moja kwa moja mgongoni, na kwenye mchanga linateleza juu juu badala ya kushika. Pima asubuhi kabla hujatembea, sio umeshafika sheli tairi limepata moto.

Na kama tairi la mbele ni kipara, hapa chini huhitaji kusoma, kanunue tairi kwanza. Kwa anayeshinda kwenye vumbi napendekeza kashata (vile vibonge vya mpira kwenye tairi) za wastani, zile kubwa kabisa zinavuma kwenye lami na zinaisha haraka.

Hatua ya 2: Mzigo umekaa wapi

Kreti la samaki alilifunga nyuma kabisa ya keria, yaani uzito wote uko nyuma ya ekseli. Ukifanya hivyo unainua mbele, usukani unakuwa mwepesi kama karatasi, halafu unamlaumu aliyeitengeneza. Tumelisogeza mbele hadi likagusa siti. Bure kabisa, na nusu ya kuyumba kukaondoka hapo hapo.

Hatua ya 3: Koni

Hapa ndo kwenyewe, na hapa ndo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima na nusu ya usiku, kwa hiyo nitaongea sana.

Koni ni zile gololi na bakuli zake kwenye shingo ya fremu, usukani unapozungukia. Kwa barabara zetu za rasta rasta, zile zenye mawimbi mawimbi, gololi zinapigwa palepale siku zote kwa sababu muda mwingi unaendesha umenyoosha, mwisho zinachimba vishimo kwenye bakuli. Dalili yake ni usukani kuwa kama una gia, ukiwa katikati unanasa, ukiusogeza unaachia. Pikipiki haiwezi kunyooka kwenye mchanga ikiwa hivyo maana kunyooka ni kurekebisha kidogo kidogo muda wote bila wewe kujua, sasa usukani ukinasa unarekebisha kwa kuruka ruka.

Kupima: weka stendi ya kati, chini ya injini weka kreti la soda na kipande cha ubao mpaka tairi la mbele lining'inie. Sukuma usukani kidogo tu kutoka katikati, unatakiwa udondoke wenyewe hadi mwisho, kulia na kushoto, laini. Ukinasa katikati, bakuli zimekufa. Ukiwa mzito mwanzo mwisho, zimekazwa sana, au waya wa klachi unavuta, angalia waya kwanza. Baada ya hapo shika shokapu za mbele huku chini kwenye ekseli uvute mbele nyuma, ukisikia "klak" imelegea. Mwambie mtu aweke kidole kwenye maungio ya shingo wakati unavuta, maana "klak" inaweza kuwa inatoka kwenye bushi za shokapu zenyewe na masikio yanadanganya.

Ya mpwa wangu ilinasa katikati. Tukafungua.

Ukishatoa usukani, pleti ya juu inayoshika shokapu, na shokapu zenyewe, unabaki na nati ya duara yenye mapengo. Itafutie spana yake ya ndoano. Najua mafundi wengi wanaigonga kwa tindo na nyundo, mimi sikubali, mapengo yanaliwa, na siku unataka kukaza kwa hesabu huwezi. Sasa SIKILIZA: kabla hujaitoa hiyo nati, tandika shuka chini. Sio gazeti, shuka, la rangi nyeupe. Mara yangu ya kwanza sikutandika, mhimili (bomba la usukani linalopita ndani ya shingo) ukashuka ghafla na gololi zikamwagika kama mtama kwenye mchanga wa uani, nikaokota zote kasoro moja na ya kwenda kununua hakuna maduka yameshafungwa. Nilivunja spika mbovu ya redio nikatoa sumaku, nikafunga kwenye uzi nikawa nachunga mchanga na tochi ya simu mdomoni hadi saa tano usiku. Kuku ndo alikuwa kaisogeza, ilikuwa karibu na banda. Ile sumaku mpaka leo iko kwenye boksi la spana.

Kwa hiyo shusha mhimili taratibu, mkono mmoja chini, na hesabu gololi za juu na za chini KABLA hujaziosha, andika kwa chaki ukutani. Juu na chini mara nyingi idadi haifanani, na saizi wakati mwingine pia haifanani, usichanganye.

Futa bakuli kwa petroli, pitisha ukucha. Ukucha ukigonga vishimo, hiyo ni ya kubadilisha, usiweke grisi mpya ukajidanganya, itakuwa laini wiki moja tu. Ukibadilisha badilisha seti nzima, bakuli na gololi. Na ukipata bering za rola zinazoingia kwenye pikipiki yako chukua hizo, mimi gololi sizirudii tena, rola inagusa mstari mzima sio nukta, kwa hiyo haichimbi haraka. Ila pima kimo chake na cha zamani dukani, ikizidi kimo nati ya juu haishiki nyuzi za kutosha.

Kutoa bakuli za kwenye fremu, ingiza nondo ndefu upande wa pili, gonga huku, gonga kule, zamu kwa zamu, ukigonga upande mmoja inakaa mshazari na inakwaruza fremu. Kuingiza mpya, mbinu yangu ni friza. Jirani yetu mama mmoja anauza sangara wa barafu, nikaziweka humo usiku kucha ndani ya mfuko, akanicheka, "Baba, leo unauza vyuma?" Chuma kikipoa kinasinyaa kidogo, kinaingia kwa kugongwa polepole, na cha kugongea tumia bakuli la zamani lililogeuzwa, usigonge njia ya gololi yenyewe hata mara moja. Sauti ikibadilika kutoka "tok tok" kuwa "ting" imefika chini.

Grisi jaza vizuri, ndiyo inayozishika gololi zisidondoke. Rudisha mhimili, funga nati ya duara kwa nguvu kidogo zaidi ya unavyotaka, zungusha usukani kulia kushoto mara kama kumi zikae, kisha ilegeze, halafu ikaze tena kidogo kidogo hadi "klak" iishe tu. Basi. Usiongeze.

Sasa mtego uliokula saa zangu. Ukikaza nati kubwa ya juu kabisa, inasukuma pleti chini na koni inakaza tena zaidi ya ulivyoweka. Nilikuwa naweka sawa, nafunga, napima, nzito. Nafungua, nalegeza, nafunga, "klak". Mara nne! Kumbe bolti za bano la chini zinazoshika shokapu nilikuwa nimeshazikaza, kwa hiyo pleti ya juu haikuwa na uhuru wa kushuka ikakaa vizuri. Mpangilio ni huu: shokapu ziwe ndani lakini bano la chini limelegea, shika nati ya duara na spana ya ndoano isizunguke, kaza nati kubwa ya juu, halafu ndo ukaze mabano. Ukimaliza pima tena yale mawili, kudondoka na "klak". Kama imebadilika rudia, hakunaga njia ya mkato hapa. Na usiipime ukiwa bado hujarudisha tairi, bila uzito wa tairi usukani haudondoki vizuri utadhani umekaza.

Ukiikaza sana haitapiga kelele yoyote, ndo ubaya wake. Utaona tu mwendo wa taratibu pikipiki inaenda kama mlevi, huku na kule, na wewe utalaumu tairi.

Hatua ya 4: Mafuta ya shokapu za mbele

Kwa kuwa shokapu umeshazitoa, mwaga mafuta yake. Ya mpwa wangu yalitoka meusi kama uji wa ulezi ulioungua, na mguu wa kulia ulikuwa na nusu ya kushoto.

Weka 10W ya shokapu. Ukikosa, ATF ile nyekundu ya gia boksi za otomatiki inafanya kazi vizuri tu na inapatikana kila duka la spea. Usiweke oili ya injini 20W-50, ni nzito, shokapu inashindwa kurudi haraka kwenye rasta, inabaki imejikunja na kila tuta linalofuata linakupiga kifuani. Oili chafu ya injini ndo kabisa usithubutu, uchafu unakula sili.

Kipimo cha kwenye chupa kinadanganya maana mafuta ya zamani mengine yanabaki ndani. Mimi napima kimo: springi iko nje, mguu umekandamizwa hadi mwisho, umepampu taratibu mpaka mapovu yaishe, halafu unaingiza rula kutoka juu. Kimo cha modeli yako kiko kwenye kitabu chake. La muhimu kuliko yote miguu miwili ilingane kabisa.

Sili ikivuja kidogo usikimbilie kununua. Kata chupa ya plastiki ya maji kipande chembamba chenye ncha iliyopinda kama ndoano, inua kifuniko cha vumbi, ingiza kati ya sili na bomba zungusha. Utaona mchanga unatoka. Mara nyingi mvujo unaisha.

Hatua ya 5: Springi za nyuma

Zile ngumu tumetoa, tumerudisha zake. Watu wanadhani ukipandisha ngazi za shokapu (zile za kuzungusha kwenye springi) springi inakuwa ngumu, hapana, ugumu wa springi ni uleule, unachopandisha ni kimo cha pikipiki. Pima hivi: ikiwa stendi ya kati tairi linaning'inia, pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye mkia. Ishushe, ukae wewe na mzigo wako wa kila siku, mwingine apime tena. Ikishuka kama sentimita 3 uko vizuri, zaidi ya hapo panda ngazi, pungufu shuka. Kulia na kushoto ngazi moja.

Hatua ya 6: Bushi na cheni

Shika tairi la nyuma tikisa kushoto kulia. Likicheza, inaweza kuwa bushi za swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) au bering za tairi, badilisha kilichokufa. Cheni iwe na ulegevu wake, ikikazwa sana ikibeba watu wawili springi haishuki.

Hatua ya 7: Siti

Sponji ya zamani imekufa, peleka kwa fundi makochi akuwekee ngumu, sio nene. Laini unaipenda dukani, ukifika Magu umekalia bati.

Jaribu kwanza bila mzigo, mwendo mdogo, achia mikono kidogo sehemu tambarare isiyo na watu. Bakuli mpya zinajikalisha, kwa hiyo pima koni tena baada ya wiki moja au mbili za kazi. Ya mpwa wangu ilirudi siku ya kumi na "klak" kidogo, tukalegeza bano, tukakaza nati ya duara kama robo ya pengo, dakika ishirini imekwisha, akapakia barafu akaelekea Igombe.