Kutafuta ukoo wa wakulima Dodoma: anza na faili la mirathi

Ukiuliza mtu wa huku kwetu historia ya ukoo wake anakwambia yote anayajua bibi, na bibi akishaondoka ndo basi tena. Sio kweli kwamba imeishia hapo. Babu aliyelima mtama na uwele maisha yake yote bila kuandika hata barua moja, akifa akaacha shamba au ng'ombe, ipo siku watu watakaa chini wamuandike, wake zake kina nani, watoto wangapi, shamba limepakana na nani, nani anamdai na nani anadaiwa, na karatasi hizo ziko kwenye faili la mirathi pale mahakama ya mwanzo. Mimi naona kwa familia za wakulima hamna karatasi inayolishinda faili hilo.

Ila kabla hujaenda mahakamani kaa kwanza na wazee wako uwaambie unachotafuta na kwanini. Hili nalisisitiza kwa sababu ukionekana unaulizia faili la mirathi la mwaka 1985 bila mtu kujua, kesho yake ukoo mzima unaamini unataka kufufua ugomvi wa shamba, na baba zako wadogo hawatakufungulia mdomo tena. Waambie wazi hudai kitu, unataka majina. Ukienda hivo mara nyingi wenyewe wanakutolea nakala kutoka kwenye sanduku, pamoja na risiti za zamani za kodi ya maendeleo, na umepunguza safari.

Alafu sasa utafute mahakama gani. Faili linafuata mahali marehemu alipokuwa anaishi mwishoni, sio alipozaliwa, kwaiyo mzee aliyezaliwa Mvumi akahamia Kibaigwa kulima mahindi mtafute Kongwa. Na ujue mipaka imebadilika sana, Bahi na Chamwino zimezaliwa 2007 kutoka Dodoma Vijijini, na Kongwa zamani ilikuwa ndani ya Mpwapwa, kwaiyo karatasi ya 1980 ikisema wilaya ya Mpwapwa usidhani ni ukoo mwingine. Kuna na Operesheni Dodoma ya 1971, serikali ilipowahamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa. Familia nyingi ziliacha mahame yao ya zamani zikaenda kujenga kijijini, ila mashamba mengine yaliendelea kuitwa kwa jina la kule walikotoka, hivo ndani ya faili moja unaweza kukuta makazi yana jina hili na shamba lina jina lingine kabisa. Hilo jina la shamba liandike pembeni, ndo linakuonyesha ukoo ulikaa wapi kabla ya kuhamishwa.

Mwaka nao usitafute ule aliokufa tu. Watu wetu wengi hawafungui mirathi mtu anapokufa, wanafungua pale kunapotokea kitu kinachodai karatasi, fidia, upimaji wa viwanja, mafao, au mtu anataka kuuza. Kwahiyo jiulize eneo hilo liliguswa lini. Kuzunguka mji wa Dodoma angalia kuanzia 1973 CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilipoanzishwa hadi 2017 ilipovunjwa, alafu angalia kipindi serikali ilipotangaza kuhamia huku 2016 bei ya ardhi ikapanda, na reli ya SGR ilipopita. Babu amekufa 1969 na mirathi yake imefunguliwa 2018, hilo ni jambo la kawaida wala usishangae.

Ukishajua mahakama, andika barua kwa hakimu mfawidhi, jitambulishe, taja uhusiano wako na marehemu, omba kuangalia faili na kupewa nakala, ambatanisha kitambulisho, ada utakayoambiwa ulipe uchukue risiti. Kwa karani omba daftari la mirathi la miaka unayoitaka maana ndo linakupa namba ya shauri, na bila namba utatafuta hadi uchoke. Faili la zamani sana linaweza kuwa limeshahamishwa stoo, uliza limepelekwa wapi ufuate hukohuko. Kama familia ni ya kikristo na waliamua mambo yaende kwa sheria ya kiserikali badala ya mila, angalia mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu pia.

Majina yatakusumbua. Kigogo, lugha ya Wagogo wa huku, kwenye maandishi ya kanisa kinaandika C pale ambapo Kiswahili tunaandika Ch, kwaiyo Chilewa ni Cilewa, na L na R zinabadilishana kila karani na sikio lake. Tafuta jina kwa namna zote unazoweza kuzifikiria, tafuta na jina la msimamizi wa mirathi, sio la marehemu peke yake.

Haya, faili umelishika. Wengi wanasoma ukurasa wa mwisho kuona nani alipata nini wanafunga, na hapo wameacha nyama yote. Fomu namba 1 ya maombi ina tarehe ya kifo na orodha ya warithi. Muhtasari wa kikao cha ukoo ndo wa kuusoma taratibu kabisa, mara nyingi umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, majina ya waliohudhuria upande mmoja, uhusiano wao upande wa pili, na mwisho alama za dole gumba za wasiojua kusoma. Pale utakuta shangazi ambae hajawahi kutajwa nyumbani. Uhusiano ulioandikwa usiuamini moja kwa moja, "mtoto" anaweza kuwa mtoto wa kaka yake marehemu aliyelelewa pale, waulize wazee nani alimzaa.

Fomu namba 5 ndo orodha ya mali na madeni, namba 6 ni hesabu ya mgawanyo, kisheria msimamizi anatakiwa kuzirudisha ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe ila kuna mafaili hazimo. Zikiwepo soma kila mstari. "Shamba la zabibu ekari 2, kaskazini limepakana na fulani, mashariki na fulani", hao fulani mara nyingi ni kaka zake waliogawiwa na baba mmoja, kwaiyo umepata ndugu wawili kwenye mstari mmoja. "Ng'ombe 4 wako Kikombo kwa fulani", huku kwetu ng'ombe hawawekwi kwa mtu usiemjua, huyo ni shemeji, mkwe au rafiki wa damu, mfuate. Deni la mahari ambayo haijamaliziwa linakutajia ukoo alikooa. Na kama kuna pingamizi shukuru, maana watu wakigombana mahakamani wanaeleza ukoo hadi kizazi cha tatu, nani mke mkubwa, nani alizaliwa nje, mashahidi wanaapa na karani anaandika. Yakifika rufaa Mahakama Kuu, hukumu zake nyingi zipo bure TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, weka jina la ukoo kwenye sehemu ya kutafuta uone.

Ukiona mabinti hawakupewa kitu usiwafute kwenye mti wako. Tangazo la sheria za mila la 1963 lilimuweka mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa mbele, wakafuata wavulana wengine, mabinti daraja la mwisho, na mjane aliachwa atunzwe na watoto. Kwahiyo kuna bibi zetu waliolima shamba hilo miaka 40 na jina lao liko kwenye mahudhurio tu. Inauma, na ndo maana inabidi tuwaandike sisi.

Majina yakishapatikana yapime kwingine. Daftari la ubatizo na ndoa kanisani linataja baba wa kila mmoja, na waanglikana walifika Mpwapwa 1876 kwaiyo vitabu vyao vinaenda nyuma sana. Vyeti vya kifo viko RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Ofisi ya kijiji ina rejista ya ardhi na hati za kimila. Umri ambao haujaandikwa uupate kwa matukio, mzee alizaliwa kabla au baada ya njaa ya Mtunya ya 1918 hadi 1920, alikuwa mkubwa kiasi gani Waingereza walipoanza mradi wa karanga Kongwa 1947.

Na kila jina unaloliweka kwenye mti andika pembeni umelitoa faili namba ngapi, mahakama ipi, ukurasa upi, ili mdogo wako akibishana nawe aende akaangalie mwenyewe.