Kusafisha na kukausha mpira wa hewa wa mashine ya kupumulia usingizini: mwongozo kwa wakazi wa Goma

Mpira wa hewa, ule unaopeleka hewa kutoka kwenye mashine hadi kwenye barakoa, ndio sehemu inayosahauliwa kuliko zote katika mashine anayopewa mtu anayekatika pumzi usingizini. Barakoa huoshwa kwa sababu inagusa uso na mwenyewe huona mafuta ya ngozi yake yamegandana juu yake, na tangi la maji, linaloipa hewa unyevu, huoshwa kwa sababu utelezi wake hujitangaza kwa kidole. Mpira, wenye urefu wa takriban mita 1.8 na upana wa milimita 15 hadi 22 tu kwa ndani, huficha uchafu wake, na mgonjwa huendelea kuvuta hewa inayopita humo kwa saa saba au nane kila usiku.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatembelea hapa Goma watu wanaotumia mashine hizi nyumbani. Kila ninapokuta mpira unaonuka, mwenyewe huniapia kwamba huuosha kila wiki, na ninaamini wengi wao husema kweli. Walichokosa ni kuukausha. Mpira uliooshwa vizuri kisha ukafungwa ukiwa na unyevu ni mbaya kuliko ule ambao haukuoshwa kabisa wiki hiyo, kwa kuwa umeongezewa maji yatakayolala gizani mchana kutwa, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo nitapita haraka katika kuosha na kukaa zaidi kwenye maji, hewa na kamba ya kuanikia.

Kabla ya kuanza, tafuta maji yanayofaa

Vijitabu vya mashine huandikwa kwa watu ambao maji ya bomba lao hunyweka moja kwa moja. Sisi sehemu kubwa ya maji yetu hutoka Ziwa Kivu, ama kwa bomba, ama kwa madumu ya lita 20 yanayopandishwa kwa pikipiki na chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayosukumwa kwa mikono. Maji ya ziwa hili yana madini mengi, kwa kuwa chemchemi zinazoingia chini yake zimepita katika miamba ya volkeno. Kuyachemsha huua vijidudu, hata kama kwa mwinuko wetu wa takriban mita 1,500 maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi badala ya 100. Joto hilo linatosha. Hata hivyo, kuchemsha hakuondoi madini, na ukoko mweupe ulio ndani ya birika la chai la kila nyumba ni ushahidi wa kutosha.

Kwa kazi yetu, basi, maji ya kuoshea mpira yawe yamechemshwa na kupoa hadi kuwa vuguvugu, na maji ya suuza ya mwisho yawe ya kunywa ya chupa, ukiweza kupata lita moja. Maji yaliyosafishwa kwa mvuke uyahifadhi kwa ajili ya tangi. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mabati nayakataa: hayana madini mengi, lakini hapa kwetu hupita katika moshi wa volkeno ya Nyiragongo na kusomba vumbi la paa zima. Jihadhari pia na kinachouzwa kando ya barabara kama maji ya betri, kwani chupa moja inaweza kuwa na maji safi ya kuongezea betri, na ya pembeni yake, yenye sura ileile, ikawa na tindikali. Kama maandishi ya chupa hayasomeki, usiinunue.

Sabuni iwe ya maji, ya kuoshea vyombo, isiyo na harufu kali. Sabuni ya kipande hushikana na madini ya maji yetu na kuacha utando mweupe ambao suuza mbili haziwezi kuung'oa.

Hapa lazima nizungumzie javeli, yaani dawa ya klorini ya kusafishia. Baada ya ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 2018 na kudumu hadi Juni 2020, mji huu ulizoea kunawa kwa maji ya klorini kwenye kila mlango, na watu wengi wakabaki na imani kwamba kisichonuka klorini hakijasafishwa. Imani hiyo iliokoa watu wakati wake, lakini haifai ndani ya mpira wa hewa. Javeli hukausha na kupasua plastiki, na harufu yake hubaki humo na kusukumwa hadi mapafuni usiku kucha. Pombe ya hospitali, mafuta ya mikaratusi na manukato ya aina yoyote yana kasoro hiyohiyo. Vifaa vinavyosafisha kwa gesi ya ozoni pia sivipendekezi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari Februari 2020 kuhusu vifaa hivyo, kwa kuwa ozoni ikibaki ndani ya mpira huwasha njia ya hewa na kuweza kuchochea pumu.

Hatua ya 1: Tenganisha

Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha toa mpira kwenye mashine na kwenye barakoa. Shika kishikizo kigumu kilicho mwishoni. Ukivuta kwa kushika mwili wa mpira, siku moja utauchana pale unapoungana na kishikizo, na hapo ndipo mipira mingi ninayoiona huanzia kuvuja. Mwaga maji ya tangi. Kazi hii ya tangi ni ya kila asubuhi, hata siku ambayo mpira hauoshwi, kwa sababu mvuke wa maji yaliyobaki huendelea kupanda ndani ya mpira mchana wote.

Hatua ya 2: Osha

Mara moja kwa wiki inatosha kwa mtu mzima wa afya, na kila siku kwa mwenye mafua au kikohozi. Weka maji vuguvugu na matone machache ya sabuni kwenye beseni linalotumika kwa kazi hii peke yake, zamisha mpira, ujaze maji kwa ndani, kisha shika ncha zote mbili juu na uyapeleke maji huku na huku kwa mwendo wa mtu anayesukasuka maziwa kibuyuni. Fanya hivyo dakika mbili au tatu. Ukiona utelezi haujatoka, uache mpira majini kwa dakika kumi, lakini usiulaze humo hadi kesho. Brashi ngumu usitumie, kwani mikwaruzo yake huwa makao mapya ya uchafu.

Mpira wenye waya wa kupasha joto ndani yake huoshwa kwa utaratibu huohuo ikiwa kijitabu chake kinaruhusu, ila ncha yenye vidole vya umeme itakuhitaji uvumilivu zaidi wakati wa kukausha.

Hatua ya 3: Suuza hadi povu liishe

Suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa, mara ya tatu kwa maji ya chupa. Kipimo changu ni sikio na jicho: maji yakimwagika bila kuacha mapovu kwenye mdomo wa mpira, sabuni imetoka. Mtu akiamka na koo linalowasha siku inayofuata siku ya kuosha, mara nyingi ni sabuni.

Hatua ya 4: Toa matone kabla ya kuanika

Hatua hii haimo katika vijitabu vingi, nami naiona kuwa nusu ya kazi yote. Toka uani, hakikisha hakuna mtoto wala ukuta karibu, shika mpira katikati ili ncha zote mbili ziwe huru, na uuzungushe kwa nguvu kama mtu anayerusha teo. Matone yatarukia mbali, na utashangaa wingi wake. Geuza, shika upande wa pili, rudia. Mwenye mpira wa waya wa umeme asifanye hivi kwa fujo, asije akagonga vile vidole vya umeme mahali; kwake ni afadhali kuusimamisha wima na kuutikisa taratibu. Kisha futa nje kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Hatua ya 5: Anika

Kosa la kwanza ninalolikuta ni la umbo. Watu hufunga ncha mbili kwenye kamba ya nguo na tumbo la mpira likaning'inia chini, na maji yote yakakusanyika tumboni humo. Ning'iniza kinyume chake: katikati ya mpira iwe juu, ncha zote mbili zitazame chini. Usiutundike kwenye msumari wala kwenye kamba nyembamba, kwa maana utakunjika na kuziba pale pale. Utundike juu ya kitu kinene cha mviringo, kama fimbo ya pazia au chupa tupu ya plastiki iliyopitishwa kamba.

Kosa la pili ni jua. Jua la Goma saa sita mchana hukausha shuka kwa muda mfupi, na mtu hudhani mpira nao utafaidika. Utakauka kweli, lakini baada ya miezi michache utakuwa mgumu na wenye nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka hewa ianze kutoroka. Anika kivulini, mahali penye upepo, ikiwezekana ndani ya nyumba karibu na dirisha.

Nasema ndani ya nyumba kwa sababu ya vumbi. Kila anayeishi hapa analijua vumbi jeusi la mawe ya lava, hasa katika mitaa iliyopitiwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002, ambako pikipiki moja ikipita hufunika nguo zote zilizoanikwa. Vumbi hilo likishika ukuta wa ndani wa mpira wenye unyevu, umerudi mwanzo. Katika nyumba zetu za mbao, ambazo upepo hupenya katikati ya mbao zenyewe, funga kila ncha kwa kipande safi cha chandarua au shashi kilichokazwa kwa mpira mwembamba wa kufungia pesa. Hewa itapita, vumbi na mende havitapita. Weka alama ya kukukumbusha kuvitoa. Mama mmoja ninayemhudumia hufunga uzi mwekundu kwenye swichi ya mashine, na sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kosa la tatu nilifanya mwenyewe. Msimu mmoja wa mvua, mpira ukiwa bado mbichi na jioni imeingia, niliuning'iniza juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, iliyokuwa na makaa ya mwisho, nikijiambia kwamba moto umekwisha. Ncha moja ililegea, ikapoteza uduara wake, na haikushika tena kwenye mashine. Hata usipoyeyuka, mpira unaokaa juu ya makaa hunywa moshi, na moshi huo ndio mgonjwa atakaovuta. Mashine ya kukaushia nywele nayo ni joto kupita kiasi.

Hatua ya 6: Malizia kwa upepo wa mashine yenyewe

Ukiosha saa mbili asubuhi, siku ya Julai mpira huwa umekauka kabla ya jioni. Siku za mvua haitoshi. Baada ya matone kuisha kabisa, weka tangi likiwa tupu na kavu, zima joto la tangi, unganisha mpira bila barakoa, na uwashe mashine kwa dakika 10 hadi 15. Ncha ya nje ya mpira iwe chini kuliko mashine wakati wote, kwa sababu tone likirudi nyuma huingia kwenye mota. Mashine nyingine hujizima zikihisi hewa inamwagika ovyo. Ya namna hiyo utaiwasha mara kadhaa, au utazima kwenye mipangilio yake ile kazi ya kujizima. Fanya haya mapema umeme ukiwepo, usingoje saa ya kulala.

Kisha pima. Shika karatasi laini ya choo mbele ya ncha kwa dakika moja huku mashine ikivuma. Ikibaki kavu na nyepesi, mpira umekauka. Mulika ndani kwa tochi ya simu ukitafuta madoa meusi au matone kwenye mikunjo, na unuse. Mwisho, paka maji kiganja chako na ukipitishe polepole kwenye mwili wa mpira, hasa karibu na vishikizo. Penye tundu utahisi ubaridi wa hewa. Usizibe kwa utepe wa gundi. Mpira wenye tundu hubadilishwa, na hata usio na tundu hubadilishwa ukishakuwa mgumu, ukishageuka rangi ya njano, au madoa meusi yasipotoka kwa kuosha.

Ikiwa huna umeme wa uhakika

Nunua mpira wa pili. Ndilo jibu rahisi, na wengi walio katika mitaa ambako umeme hukatika siku mbili mfululizo wamelifuata: mmoja unatumika, mwingine unaning'inia kwa siku mbili nzima bila haraka. Wawili wanaotumia mashine katika nyumba moja wasibadilishane mipira hata ikiwa ya ukubwa mmoja; andika herufi kwenye kishikizo.

Matone yanayorudi usiku

Wapo watakaofuata hatua zote hizi, kisha waamke alfajiri na maji yanayobwata ndani ya mpira au yanayowarukia puani. Hapo hakuna kosa la kukausha. Hewa yenye mvuke hutoka kwenye tangi ikiwa na joto, hukutana na mpira uliopoa kwa baridi ya usiku wa hapa, na mvuke hugeuka matone. Weka mashine chini kuliko kitanda ili maji yarudi kwenye tangi badala ya kumfuata mlalaji, punguza joto la tangi kwa kiwango kimoja, na uuvike mpira ala ya kitambaa kizito. Fundi wa kushona yeyote ataishona kwa nusu saa kutokana na blanketi kuukuu. Mwambie aweke zipu au vifungo urefu wote, ili ala ivuliwe na kufuliwa bila kuunyonga mpira kila wiki.