Angalia Jani Lililoanza Kuugua Kabla ya Kununua Mbolea

Jani likigeuka njano, wengi hukimbilia mbolea ya urea. Huenda wakapatia, huenda wakamwaga fedha ardhini, maana umanjano una zaidi ya chanzo kimoja. Anza na umri wa jani: ya chini ni makongwe, ya juu ni machanga. Virutubisho vya naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea: vikipungua, mmea huyanyang'anya majani ya chini ili ulishe machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Kalsiamu, chuma, boroni na zinki havihami kirahisi, na upungufu wake huonekana kwanza juu.

Chukua mahindi. Jani la chini likianza njano kwenye ncha kisha ikaingia ndani kufuata mshipa mkuu, kama herufi V, ni upungufu wa naitrojeni. Likiungua kingo huku katikati ni kijani, ni potasiamu. Miche kuwa zambarau ni fosforasi, ingawa baridi nayo hudumaza mizizi na kuleta rangi hiyohiyo, ikaondoka yenyewe joto likirudi. Njano kati ya mishipa iliyobaki kijani huashiria magnesiamu ikiwa ni majani ya chini, chuma ikiwa ni ya juu. Michirizi mipana myeupe kandokando ya mshipa mkuu, upande wa kitako cha majani machanga, ni zinki: yeyusha gramu 100 za zinki salfeti na gramu 50 za chokaa iliyozimwa katika lita 20 za maji, chuja, puliza jioni. Bila chokaa, majani yanaweza kuungua.

Nyanya kuoza kitako ndiko kunakopotosha wengi. Tunda limekosa kalsiamu, kiungo cha kuta za seli, lakini mara nyingi udongo unayo ya kutosha. Kalsiamu husafiri na maji, na majani yanayotoa mvuke huvuta maji mengi kuliko tunda. Shamba likikauka kisha likafurika, tunda ndilo linalopunjwa. Mwagilia kwa ratiba, tandaza nyasi kavu, na usizidishe mbolea za amonia au potasiamu, kwa sababu hushindana na kalsiamu kwenye mizizi. Tunda lililooza haliponi, ling'oe.

Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23 katika mfuko wa kilo 50. Ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hugeuka amonia na kupaa. Ifukie sentimita 5, mbali kidogo na shina.

Majani yasipotoa jibu, pima udongo. Chota sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, ukiruka vichuguu na palipolundikwa samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki (ya bati huchafua sampuli kwa zinki), utoe nusu kilo ya kupeleka maabara. pH (kipimo cha uchachu wa udongo; ikishuka, uchachu umezidi) ikiwa chini ya 5.5, tanguliza chokaa: katika udongo huo aluminiamu na chuma huikamata fosforasi kabla mizizi haijaifikia.