Kulabu ya kwanza: kufua chuma uani, Lubumbashi

Ukitaka kujifunza kufua chuma nyumbani, anza na kulabu ya kutundikia sufuria. Vijana wanaonifuata hapa Katuba siku ya Jumamosi wote wanataka kisu. Nawarudisha kwenye kulabu, kwa sababu ndani yake mna karibu kazi zote za mhunzi: kuvuta ncha, kukunja, kusokota, kubapa, kutoboa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, wiki nzima niko na chaki, na sijaona zoezi lililopangwa vizuri kuliko hilo.

Tanuri kwanza. Tafuta ringi kuukuu ya lori au mbabula (jiko la makaa) pana iliyochoka, uikandike kwa ndani udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na jivu. Katika hili tumebahatika: vichuguu vikubwa vinavyouzunguka mji wetu, vilevile ambavyo watu wanafyatulia matofali, vina udongo unaovumilia moto. Waliokuwa wakiyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye madini, kupata shaba katika Katanga ya zamani nao waliutumia kwenye tanuri zao. Uache ukauke kivulini, polepole, na nyufa zikitokea uzizibe kwa udongo huohuo. Shimo la moto litoshe upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 10. Ubavuni ingiza bomba la chuma cheusi la kupitishia hewa. Lisiwe bomba lililopakwa zinki: zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa na kutetemeka usiku. Kwa sababu hiyo hiyo usitie motoni bati, waya wa senyenge wala bomba la maji. Amotiseri (shokomzoba ya gari) na bomba lolote lililozibwa pande zote mbili ni hatari zaidi, maana hulipuka.

Hewa inaweza kutoka kwenye mashine ya kukaushia nywele, lakini umeme wetu tunaujua. Mvukuto wa mkono uwe karibu. Makala, yaani makaa, ya miti ya miombo ni mazito na yana joto la kutosha. Yavunjevunje yafike sentimita 3 au 4, uchunge vumbi lote litoke, na nunua ya akiba kabla ya mvua za Novemba, maana makala yaliyolowa hurusha vipande na kula muda wako. Fanyia kazi mahali penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa: makala hutoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo inaua.

Fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, ni ghali dukani. Wengi hutafuta kipande cha reli, na wapo watakaokuletea usiku. Kama muuzaji hawezi kueleza kimetoka wapi, kikatae. Ile reli inabeba watu. Nenda kwenye magereji yanayotengeneza malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ununue kipande kinene cha ekseli iliyovunjika. Kisimamishe wima ndani ya gogo, kiwe kizito iwezekanavyo, uso wake ufike usawa wa ngumi yako unaposimama mkono ukining'inia. Nyundo ya kilo moja inatosha. Saga kingo zake ziwe za mviringo, la sivyo kila pigo litaacha jeraha kwenye chuma. Vaa pamba, viatu vilivyofunika vidole, na miwani. Nailoni huyeyukia kwenye ngozi.

Kwa kulabu nataka chuma cha pembe nne, milimita 10, urefu wa sentimita 25. Nondo ya wajenzi inafaa kwa mazoezi, ila chuma cha mviringo ukikisokota hakionyeshi kitu, na msokoto ndio uzuri wenyewe.

Sasa tulia hapa, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Chuma hakiwekwi mbele ya mdomo wa bomba, hewa mbichi inakila. Kilaze juu kidogo, katikati ya makala yanayowaka, na juu yake pawe na makala mengine ya sentimita 8 hivi. Tanuri liwe kivulini: chini ya jua la saa sita chuma chekundu kinaonekana kama kimepoa, na ndivyo watu wanavyoungua mikono. Kitaanza wekundu wa giza, kitakuja wekundu mkali, kisha rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa inayoanza kugeuka njano, kati ya nyuzi 1,000 na 1,100, ndiyo tunayoitaka. Ukiona cheche nyeupe zikiruka kutoka kwenye chuma chenyewe, kimeungua. Kata ncha hiyo, haiponi.

Toa, weka ncha ukingoni mwa fuawe, piga ukiinamisha nyundo kidogo. Pigo moja au mawili, geuza robo, piga, rudisha robo. Sikiliza: chuma cha moto kinapokea nyundo kwa sauti nzito, kikipoa sauti inakuwa kali na nyundo inakurudia mkononi. Ukifika wekundu wa giza, acha, rudisha motoni. Anayeng'ang'ania chuma kilichopoa hupata nyufa. Ncha ikianza kulala upande na kuwa na sura ya almasi, usiendelee. Simamisha zile pembe mbili ndefu, zipige zirudi, ndipo uvute tena. Ibaki ya pembe nne hadi ifike urefu wa sentimita 8, kisha vunja pembe ziwe nane, kisha uiviringishe.

Kinachofuata ni chepesi. Kunja ncha kabisa iwe kijikonokono kidogo, kisha igeuze na ukunje kulabu yenyewe upande wa pili, juu ya bomba nene. Kwa msokoto, pasha katikati peke yake hadi rangi iwe sawa kote, bana upande mmoja kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), upande wa pili ushike kwa koleo, na zungusha mara moja bila kusita. Mahali palipo na joto zaidi patasokoteka zaidi, kwa hiyo ukiona msokoto umejaa upande mmoja, kosa liko motoni. Mwisho bapa kichwa hadi milimita 3 na utoboe tundu la skrubu.

Kikiwa bado na moto piga brashi ya waya magamba yatoke. Subiri wekundu uishe kabisa, kisha paka nta ya nyuki, wauza asali wanayo. Ikitoa moshi mwembamba joto ni sahihi. Ikiwaka, subiri tena. Weusi unaobaki unapendeza, na jikoni hauhitaji rangi. Mama jirani aliiona ya kwangu akasema, "Ba mwalimu, na mimi unifanyie ya sufuria ya bukari," yaani ugali. Hiyo nilitumia chuma cha milimita 12, ikabeba.

Ukutani toboa katikati ya tofali. Nyumba nyingi za mitaani kwetu zimeunganishwa kwa udongo, na skrubu iliyoingia kwenye kiungo itang'oka na sufuria yake.